Madaraka, Mashujaa na Jamhuri: Sikukuu za Taifa Thika na Ruiru

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua sikukuu tatu tu za taifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Siku nyingine ambazo ofisi hufungwa na watoto hubaki nyumbani, kuanzia Mwaka Mpya hadi siku ya pili ya Krismasi, ni sikukuu za umma zilizowekwa na sheria ya Bunge. Tofauti hiyo ina uzito wake. Sikukuu ya umma Bunge linaweza kuibadilisha jina au kuifuta kwa mswada wa kawaida, na limewahi kufanya hivyo. Zile tatu zimeandikwa ndani ya Katiba, na atakayetaka kuzigusa itambidi aiguse Katiba.

Madaraka ni kumbukumbu ya 1 Juni 1963, siku ambayo Kenya ilianza kujitawala katika mambo yake ya ndani na Jomo Kenyatta akawa waziri mkuu, ingawa gavana wa Uingereza alikuwa bado yupo. Uhuru kamili ulikuja 12 Desemba mwaka huohuo, usiku wa manane, bendera ya mkoloni iliposhushwa na ya Kenya kupandishwa katika viwanja vya Lang'ata ambavyo leo huitwa Uhuru Gardens. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, nchi ikawa jamhuri na Kenyatta akawa rais wa kwanza. Ndiyo maana 12 Desemba hubeba matukio mawili, la 1963 na la 1964, na Wakenya wazee bado huiita Siku ya Uhuru.

Tarehe 20 Oktoba ni kongwe kuliko hizo mbili, na ndani yake mna uchungu. Siku hiyo mwaka 1952 Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari, na usiku huo polisi wakaanza kuwakamata viongozi wa wananchi. Sita kati yao, yaani Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko, walishtakiwa Kapenguria na kufungwa. Hali ya hatari iliendelea hadi mwanzoni mwa 1960. Kwa miaka mingi baada ya uhuru siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta. Katiba mpya iliifanya kuwa ya Mashujaa wote, na hayo yalikuwa mabadiliko ya haki, kwa sababu walioteseka wakati ule hawakuwa mtu mmoja wala sita.

Kwa wakazi wa Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyoko kwenye barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda kaskazini, historia hiyo haiko mbali. Kwao Kenyatta ni Ichaweri, Gatundu, mwendo mfupi kutoka Thika. Kaggia alitoka Kandara, upande wa Murang'a. Ruiru ya wakati ule ilikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi, na watu waliokuwa wakichuma buni humo ndio waliokula kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililopigania ardhi na uhuru, ndio waliosakwa, na ndio waliofungiwa katika vijiji vyenye mitaro na walinzi. Hospitali kubwa ya Thika iko katika barabara ya General Kago. Kago wa Mboko alikuwa kamanda wa Mau Mau aliyepigana katika maeneo ya Murang'a na kuuawa 1954. Maelfu ya wagonjwa hupita katika jina lake kila mwezi, na wengi hawajui alikuwa nani.

Thika pia ina mahali pake pa uhuru, napo ni Mugumo Gardens. Wazee husimulia kwamba mtabiri wa Wagikuyu, Mugo wa Kibiru, aliyetabiri kuja kwa wageni na nyoka wa chuma kabla reli haijafika, alisema kwamba utawala wa wageni ungekwisha siku mti wa mugumo wa Thika utakapoanguka. Inasemekana Waingereza, kwa kuogopa nguvu ya maneno hayo, waliuzungushia mti huo chuma na zege ili usimame. Mwaka 1963 ukapigwa na radi na kuanguka. Wapo wanaosema ulipasuka mara mbili, kipande cha kwanza kikatangulia Madaraka na cha pili kikafuata kabla ya Desemba. Hata kama mapokeo hayo yametiwa chumvi kidogo njiani, bustani ipo, na hakuna mahali pengine katika mji huo ambapo mtoto anaweza kuelezwa Madaraka akiwa amesimama kwenye ardhi inayohusika.

Majina ya sikukuu zenyewe yameingia katika biashara ya kila siku. Thika ina soko la Madaraka na soko la Jamhuri. Mama anayekwenda kununua gunia la mahindi au sukuma wiki huyataja majina hayo pasipo kufikiria 1963 hata kidogo.

Maadhimisho ya kiserikali yana mpangilio usiobadilika sana. Sherehe kuu huongozwa na rais. Huingia uwanjani kwa gari la wazi, hukagua gwaride la jeshi, wimbo wa taifa hupigwa, ndege za kivita hupita angani, kisha kwaya na vikundi vya ngoma hutumbuiza kabla ya hotuba. Kwa zaidi ya nusu karne sherehe hizo zilikuwa za Nairobi. Mwaka 2016 Madaraka ilipelekwa Nakuru, na tangu hapo sikukuu mbili kati ya tatu zimekuwa zikizunguka katika kaunti: Mashujaa ilikwenda Machakos mwaka huohuo, Mombasa 2019, Kirinyaga 2021, Kericho 2023, Kwale 2024 na Kitui 2025; Madaraka ilikwenda Nyeri 2017, Kisumu 2021, Embu 2023, Bungoma 2024 na Homa Bay 2025. Jamhuri imebaki Nairobi. Mzunguko huo umeleta manufaa yanayoonekana kwa macho, kwa sababu kaunti inayopewa zamu hujengewa au kukarabatiwa uwanja, barabara na taa.

Kwingineko, hotuba ya rais husomwa na mwakilishi wake. Katika kaunti huisoma kamishna, na katika kaunti ndogo kama Thika na Ruiru huisoma naibu kamishna wa kaunti, akiwa amevaa sare yake na kofia. Asubuhi ya siku hiyo uwanjani huanza kabla ya saa tatu. Hema la wageni hufungwa upande wa kivuli, viti vya plastiki hupangwa, vipaza sauti hujaribiwa mara kumi. Polisi, askari jela, skauti na wanafunzi hujipanga kwa gwaride. Ruiru ina bahati ya kuwa na chuo cha mafunzo ya askari jela, na miguu ya watu wanaolipwa kwa kazi ya kupiga kwata huonekana tofauti kabisa na ya skauti wa darasa la tano ambaye mkono mmoja umemtangulia mwenzake. Hata hivyo makofi mengi huenda kwa skauti.

Baada ya gwaride huja ngoma. Vikundi vya akina mama huingia kwa leso za rangi moja, na wazee wakipata mpiga kodiani hucheza mwomboko, ngoma ya Wagikuyu iliyotokea enzi za ukoloni, hatua mbili mbele na goti likipinda. Kwa kuwa Thika na Ruiru ni miji ya watu wa kila kabila, baada ya mwomboko huweza kufuata Wakamba na miruko yao, kisha Waluhya na isukuti. Sehemu hiyo ndiyo inayowaweka watu uwanjani. Hotuba ya rais ikianza kusomwa, jua likiwa limeshapanda, watoto huanza kuelekea kwa wauza barafu na miwa, na ukweli ni kwamba waliobaki wakisikiliza kwa makini ni maafisa, machifu na wazee wa Nyumba Kumi. Hotuba yenyewe husikika pia redioni na kwenye simu. Ingefaa zaidi dakika hizo zipewe mzee wa mtaa aliyeiona 1963 kwa macho yake, lakini ratiba haina nafasi hiyo.

Mfumo huu wa sherehe moja kuu yenye rais katikati ni tofauti na ule wa Marekani. Huko sikukuu za serikali kuu ni 11, na kubwa ya kizalendo ni tarehe 4 Julai, siku ya kutangazwa uhuru mwaka 1776. Miji mingi midogo hufanya gwaride lake yenyewe, likiwa na magari ya zimamoto, bendi za shule na wanajeshi wastaafu; usiku hurushwa fataki, na familia hukaa uani wakichoma nyama. Anayesoma hotuba ni meya wao au hakuna kabisa. Aidha, sheria ya Marekani huzifunga ofisi za serikali kuu tu. Mwajiri wa kampuni binafsi hujiamulia kama atatoa mapumziko na kama atayalipia. Nchi hiyo ilihamisha sikukuu zake kadhaa ziangukie Jumatatu ili watu wapate mapumziko ya siku tatu mfululizo. Kenya haijafika huko, ila sheria yake inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, basi Jumatatu inayofuata nayo huwa sikukuu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mashujaa ya 2024 na Madaraka ya 2025.

Thika ni mji wa viwanda. Kuna vya vitambaa, ngozi, mkate na mafuta ya kupikia, na nje kidogo kuna mashamba makubwa ya mananasi ya Del Monte. Mitambo mingine haizimwi kwa sababu ya bendera. Kwa hiyo swali la kwanza la mfanyakazi wa mitaa ya Makongeni au Kiganjo sikukuu inapokaribia ni kama zamu yake imeangukia siku hiyo, kwa sababu kanuni ya jumla ya mishahara inamtaka mwajiri amlipe maradufu anayefanya kazi siku ya sikukuu. Wengi huiomba zamu hiyo. Siku moja ya dabo hulipa bili ya umeme na maji, na mtu mwenye watoto watatu hawezi kulaumiwa kwa kuichagua badala ya uwanja. Wasio na mkataba, wale wa kibarua cha kutwa, hali yao ni nyingine: kiwanda kikifungwa hawalipwi kitu. Wenye vibanda, waendesha bodaboda na makanga nao sikukuu kwao ni siku ya kazi nyingi.

Ndiyo sababu Sikukuu ya Wafanyakazi ya 1 Mei, ambayo wengi huiita Leba Dei, husubiriwa Thika kwa hamu kuliko hata baadhi ya zile za Katiba. Siku hiyo Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi, COTU, hukutana na rais au waziri wake hadharani, na macho yote huwa kwenye kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2022 kilipandishwa kwa asilimia 12, na mwaka 2024 kwa asilimia 6. Amri ya mishahara huigawa nchi katika madaraja: Nairobi na miji mikuu iko juu, chini yake ziko zilizokuwa manispaa, Thika ikiwamo, pamoja na miji mitatu inayotajwa kwa jina, Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha maeneo mengine yote. Hivyo mlinzi wa Ruiru ana kima cha chini kilicho pungufu kuliko cha mwenzake wa Kasarani, Nairobi, ingawa wanalipa bei ileile ya unga na wakati mwingine wanapanda matatu moja. Mgawanyo huo umepitwa na wakati. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kiambu ikiwa na watu 2,417,735, na Ruiru ya mashamba ya kahawa sasa ni msitu wa nyumba za ghorofa.

Wengi wa wapangaji wa ghorofa hizo, kuanzia Githurai 45, Kimbo na Kihunguro hadi Membley, hutoka kwingine na hufanya kazi Nairobi. Kwao sikukuu maana yake ni safari ya ushago. Barabara ya Thika, ile yenye njia nane iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012, huonyesha sikukuu mapema kuliko kalenda. Jioni ya kuamkia Pasaka au Krismasi magari hujipanga kuelekea Murang'a, Nyeri, Embu na Meru, na huko Thika barabara ya Garissa huwachukua wale wa Matuu na Mwingi. Wengi wanaokwenda Magharibi na Nyanza hulazimika kwanza kurudi Nairobi kupanda basi. Nauli huweza kupanda hadi maradufu, na makanga hana haja ya kueleza sababu: abiria ni wengi, magari ni yaleyale. Mwenye busara husafiri siku mbili kabla au huwatanguliza watoto shule zikifungwa.

Wasiosafiri husherehekea nyumbani. Chapati husukumwa tangu alfajiri, na harufu yake ukiwa kwenye ngazi za ghorofa hukuambia kila mlango umeamka. Penye uwezo huchinjwa mbuzi wa kuchangiana, familia nne au tano. Mbavu zinakwenda kwenye jiko la makaa, kichwa na miguu vinakuwa supu, na matumbo yanatengenezwa mutura. Mukimo haukosi kwa Wagikuyu, pilau haikosi kwa wengine, na soda ya lita mbili hukaa katikati ya meza. Alasiri watu hutoka. Thika iko kwenye makutano ya mito Chania na Thika, na maporomoko yake mawili yaliyo kando ya hoteli ya Blue Post, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, hujaa vijana wa kupiga picha. Wenye gari hufika Fourteen Falls kwenye mto Athi, au hupanda mlima wa Ol Donyo Sabuk.

Sikukuu za dini zina nafasi ya pekee katika sheria. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi ni za wote, na Idd-ul-Fitr nayo ni ya wote. Idd-ul-Azha sheria inawapa Waislamu, na Diwali inawapa Wahindu, lakini kwa miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza Idd-ul-Azha kuwa mapumziko ya nchi nzima. Thika ina Waislamu wa siku nyingi katika mtaa wa Majengo, na jamii ya Wahindi iliyohusika sana na biashara na viwanda vya mji. Asubuhi ya Idd, sahani ya biriani huvuka ua na kuingia kwa jirani Mkristo, na Desemba chapati hurudi kwa njia hiyohiyo.

Sikukuu iliyohangaika kuliko zote ni ya 10 Oktoba. Ilianzishwa kama Siku ya Moi, kwa heshima ya Rais Daniel arap Moi. Katiba ya 2010 haikuitaja, na kwa miaka kadhaa watu walikwenda kazini kama kawaida. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kwa kuwa sheria ya sikukuu za umma haikurekebishwa, siku hiyo ilikuwa bado halali, na mwaka uliofuata ikarudi. Kisha ikabadilishwa jina kuwa Siku ya Huduma, baadaye Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira, ambapo wananchi huhimizwa kupanda miti. Jina hili la mwisho lina faida moja juu ya yaliyotangulia, kwamba mtu anaambiwa la kufanya. Kwa miji kama Ruiru, ambayo imeng'oa kahawa ikapanda zege, kazi ipo ya kutosha.

Mbali na hizo zilizo kwenye kalenda, waziri anayehusika na usalama wa ndani anaweza kutangaza sikukuu kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Nchi ilipumzika 27 Agosti 2010 Katiba ilipozinduliwa, ikapumzika siku za ibada ya wafu ya Moi mwaka 2020 na ya Kibaki mwaka 2022, na ikapumzika 17 Oktoba 2025 kumwombolezea waziri mkuu wa zamani Raila Odinga. Ajabu zaidi ni ile ya 6 Novemba 2008, ambapo Rais Kibaki aliwapa Wakenya siku nzima kushangilia kuchaguliwa kwa Barack Obama, wakati Wamarekani wenyewe walikuwa kazini.

Ziko pia siku ambazo Gazeti Rasmi halikuzitangaza, na watu huzikumbuka. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa 18 Februari 1957, na kila mwaka wapo wanaoikumbuka tarehe hiyo. Saba Saba, 7 Julai, ni ya madai ya vyama vingi mwaka 1990. Tarehe 25 Juni imeongezwa na vijana wa 2024, walioandamana kupinga mswada wa fedha. Githurai, mlangoni mwa Ruiru, ni miongoni mwa mahali ambapo damu ilimwagika siku hiyo. Katika hizo mbili za mwisho maduka hufungwa pia, lakini kwa hofu.

Kuhusu mashujaa wenyewe, Bunge lilipitisha Sheria ya Mashujaa wa Kenya mwaka 2014, iliyounda Baraza la Kitaifa la Mashujaa la kuwatambua na kuwaenzi waliolitumikia taifa. Wananchi wanaweza kulipelekea majina. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 bendera ilipopandishwa sasa amepita 80, na vijiji vya Gatundu, Kandara na viunga vya Ruiru bado vina wazee waliobeba ujumbe msituni, waliopika usiku, waliofungwa bila kushtakiwa. Familia zenye wazee hao zisingoje 20 Oktoba ijayo: ziwaulize sasa, ziandike majina, tarehe na mahali, na kuyapeleka kwa Baraza wakati wenyewe wakiwa hai.